Marehemu wa Ukurasa wa Saba

Kabla malori ya viwandani hayajaanza kunguruma Nyakato, jijini Mwanza, Kokulinda alikuwa ameshafagia uwanja, ameshajaza ndoo na ameshabandika chai. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kichwa. Walimu walimpenda, naye alijua kwamba wanampenda, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Baba yake, Mhaya wa Kagera, aliendesha lori la kahawa na kuonekana nyumbani mara mojamoja. Siku nyingi nyumba ilikuwa ya watu wawili tu: yeye na mama yake, Celestina, ambaye majirani walimwita Mama Koku.

Mama Koku alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, hapo hapo Nyakato. Kazi yake ilikuwa kukunja karatasi zilizotoka kwenye mtambo na kuziunga ziwe vitabu. Asubuhi hiyo alikuwa ameshavaa aproni yake ya kazi, lakini badala ya kunywa chai alikuwa amebana simu sikioni.

"Haipatikani," alisema, akaishusha. "Tangu Jumapili simu ya babu yako haipatikani. Hivi Koku, ulipoondoka Nansio alikuwa mzima kweli?"

"Mzima kabisa, mama. Si nilikwambia betri yake imevimba?"

"Uliniambia. Lakini moyo wangu hautulii. Na Yeremia mwenye duka jirani na babu yako, kila siku kumsumbua ampelekee simu naona haya."

Kokulinda alimeza chai, chai ikagoma kushuka. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Babu yake mzaa mama, Mzee Antoni, alikuwa mzima kule kisiwani Nansio, betri imevimba, meno mawili yamebaki, anakula ugali kama kijana. Ila shuleni babu huyo huyo alikuwa ameshakufa. Aliyemuua ni Kokulinda mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Revocatus, aliyewafundisha historia, alikuwa amepania kutengeneza kitabu. Shule ilitarajia wageni siku ya Muungano, walimu kutoka Kenya, Uganda na Msumbiji, na yeye alitaka wasiondoke mikono mitupu.

"Wageni hawa wanaijua nchi yetu," aliwaambia wanafunzi kabla ya likizo ya Pasaka. "Wanajua tulipata uhuru mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja, wanajua tuliungana na Zanzibar mwaka sitini na nne. Wanajua pia kwamba wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata hifadhi kwetu. Lakini nani alifanya yote hayo? Viongozi peke yao? Nendeni mkawaulize wazee wenu: wewe babu, wewe bibi, ulifanya nini kwa ajili ya taifa hili na kwa ajili ya wenzetu? Kila mmoja alete ukurasa mmoja."

Kokulinda alipelekwa Nansio kwa kazi hiyo hasa. Mama yake alikuwa ameshampigia babu kumweleza, na mzee alifurahi kupita kiasi. Siku ya kwanza alinyoa ndevu, akavaa kofia yake ya Jumapili, akaketi kibarazani, akaita, "Koku! Njoo mjukuu wangu, leta kalamu."

"Kesho, babu!" alijibu Kokulinda, huyo, akakimbilia ufukweni na binamu zake.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Kulikuwa na kuogelea, kulikuwa na simu ya binamu yenye michezo, kulikuwa na mihogo ya kuchoma. Mzee alinyoa, akavaa kofia, akaketi, akangoja mpaka jua likamfuata kibarazani, kisha akaingia ndani bila kugomba. Siku ya kuondoka alimsindikiza mjukuu wake mpaka gatini. "Basi, tutaongea siku nyingine," alisema. Kokulinda alipanda meli akiwa na daftari jeupe.

Shule ilipofunguliwa, wanafunzi walisimama mmoja mmoja kusoma. Evelina, rafiki yake mkubwa, alileta habari za bibi yake aliyefundisha watu wazima kusoma chini ya taa ya chemli. Shimo la aibu likazidi kuchimbika mbele ya Kokulinda. Yeye, wa kwanza darasani, asimame aseme nilikuwa naogelea?

"Kokulinda," aliita Mwalimu Revocatus, "tunangoja babu yako wa Nansio."

Alisimama. Mdomo ulifunguka, na neno likatoka hata kabla hajalipima. "Mwalimu, babu alifariki. Siku ya Pasaka."

Mwalimu Revocatus alivua miwani yake. Alimjia, akamwekea mkono begani, akamwambia pole, mwanangu, pole sana. Kisha aliwaomba wanafunzi wote wasimame kimya kumkumbuka mzee. Kokulinda naye alisimama, kichwa chini, masikio yakimwaka moto. Angesema pale pale, yangeisha. Hakusema.

Ee, uongo una njaa. Ukiulisha leo, kesho unakuja tena kuomba chakula. Mwalimu alipotaka kwenda nyumbani kutoa pole, Kokulinda alisema mama hapendi kukumbushwa. Mwalimu alipomwambia aandike basi chochote alichowahi kusimuliwa na marehemu, aliandika kwamba babu alikwenda Msumbiji na bunduki, akavuka mto usiku, akapigana kama simba. Alichomoa hata picha ya babu kwenye albamu ya nyumbani. Mwalimu aliusoma ukurasa ule kwa sauti, machozi yakimlengalenga, na Evelina akamega andazi lake akampa nusu iliyo kubwa. Andazi lile lilikuwa chungu kuliko shubiri.

Sasa, asubuhi ile ya chai iliyogoma kushuka, mwalimu aliingia darasani akisugua viganja kwa furaha.

"Kitabu kiko mtamboni!" alisema. "Zamani shule kama yetu ikitaka kitabu kizuri cha rangi, ililazimika kukipeleka mbali. Leo kinachapwa hapa hapa Mwanza, Nyakato, na mwenye kiwanda ametukaribisha tukaone. Tunakwenda kesho."

Aliposema jina la kiwanda, kalamu ilimponyoka Kokulinda. Ni kiwanda cha mama yake.

Jioni ile alimzunguka mama yake jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara amenye vitunguu, mara aoshe sufuria iliyokwisha oshwa.

"Una nini leo?" mama aliuliza.

"Mama…"

"Enhe?"

"Hakuna. Kesho tunakuja kiwandani kwenu."

"Alaa! Kumbe kile kitabu cha shule ni chenu?" Mama Koku aliangua kicheko cha furaha. "Bado hakijafika mezani kwetu, tunakitarajia kesho. Basi nitazisoma habari za baba yangu kabla ya watu wote. Baba atafurahi huyo! Akipatikana tu kwenye simu, namsomea."

Sema sasa, Kokulinda alijiambia. Sema. Lakini mama alikuwa na furaha, na yeye hakuwa na ujasiri wa kuivunja. Alijidanganya kwamba kesho atajifanya mgonjwa. Kesho ilipofika mama alimgusa shingo, akasema huna homa yoyote, vaa viatu.

Ndani ya kiwanda kulikuwa na harufu kali ya wino na karatasi mpya. Pembeni yalipangwa maboksi ya minofu ya sangara, yaliyochapwa majina ya miji ya ng'ambo samaki wanakopelekwa. Kulikuwa na kalenda, kadi za harusi, vitabu vya kuhesabia. Katikati ulisimama mtambo mrefu kama basi, ukipumua na kupiga mdundo mmoja bila kuchoka. Mpiga chapa, kaka mmoja Msukuma aliyeitwa Shimba, aliwakusanya wanafunzi kando yake.

"Rangi ni nne tu, wadogo zangu," alisema akipaza sauti juu ya mngurumo. "Bluu, nyekundu, njano na nyeusi. Kila rangi ina bamba lake la chuma. Karatasi inapita kwa kila bamba, inachukua rangi yake, na mwisho wa safari inatoka na kila kitu: bendera, ziwa, hata sura ya babu yako!"

Akachomoa karatasi moja pana iliyotoka muda ule ule, akainyanyua. Kurasa nyingi zilikuwa zimepangwa juu yake. Pale kwenye ukurasa wa saba, Mzee Antoni alikuwa akitabasamu kwa rangi nne, na chini yake imeandikwa kwa herufi nene: Marehemu Mzee Antoni wa Nansio, Shujaa wa Msumbiji. Nyuma ya karatasi ile nyingine zilikuwa zikianguka, tap, tap, tap, na kila moja ilikuwa na babu yule yule, amekufa tena na tena.

Kokulinda aliangaza upande wa pili wa ukumbi. Mama yake alikuwa akifuta mikono kwenye aproni, anakuja, uso umejaa bashasha.

"Karibuni, karibuni! Habari za shuleni, mwalimu? Mimi ndiye mama yake Kokulinda."

Mwalimu Revocatus alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuinamisha kichwa.

"Mama, pole sana. Pole kwa msiba."

"Msiba gani, mwalimu?"

Mwalimu alidhani mama anajikaza kiume mbele ya watoto. "Wa mzee, mama. Shuleni tumehuzunika mno. Tulitaka kuja nyumbani, Kokulinda akatuambia hupendi kukumbushwa. Lakini tumemuenzi, tazama." Akampokea Shimba ile karatasi, akamwonyesha.

Mama Koku alisoma. Midomo yake ilitikisika kwenye neno la kwanza tu, hakwenda mbele zaidi.

Kwetu msiba haumwagwi juu ya mfiwa kama maji ya ndoo. Watu huuficha, wakamwambia kwamba mgonjwa wake amezidiwa kidogo, wakamsogeza taratibu mpaka ndugu wafike. Mama Koku mwenyewe alishawahi kumfichia jirani hivyo. Basi kila kitu kikaungana kichwani mwake mara moja: simu isiyopatikana tangu Jumapili, mtoto aliyehangaika jikoni, pole ya mwalimu, na sasa maandishi yaliyochapwa.

"Mmenificha," alisema kwa sauti ndogo. Kisha ikapanda. "Mmenificha! Baba yangu amekufa, watu wote mnajua, mimi nimefichwa! Amezikwa na nani? Baba yangu amezikwa na nani mimi nikiwa hapa nakunja karatasi?"

Akakaa sakafuni. Wenzake waliacha meza zao wakaja mbio. Mmoja alimfunga khanga kiunoni, mwingine alimshika kichwa, wa tatu alianza kulia kwa sauti, na kilio kikajaa ukumbi mpaka wanafunzi wadogo nao wakaanza kufuta macho. Kokulinda hakuwahi kumwona mama yake hivyo. Mlango mkubwa ulikuwa wazi nyuma yake. Angeweza kutoka, akakimbia mpaka ziwani. Lakini mama yake alikuwa sakafuni.

"Mama, babu hajafa!" alipiga kelele.

"Maskini mtoto," alisema mama mmoja akimvuta kifuani. "Amechanganyikiwa. Nyamaza, binti, nyamaza."

"Hajafa! Naapa hajafa!"

"Tunajua inauma, Koku," alisema mwalimu kwa upole.

Ndipo alipoonja tunda la kazi yake. Uongo wake wote waliupokea bila swali, na sasa anasema kweli hakuna anayemwamini. Alijinasua mikononi mwa yule mama, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nisikilize. Nilidanganya. Babu aliniita nimhoji, mimi nikaenda kuogelea. Kila siku aliniita, kila siku nilisema kesho. Mwalimu aliponiuliza niliona aibu, nikasema amefariki. Vita ile nimeitunga. Bunduki nimeitunga. Yote nimetunga mimi."

Kilio kilikatika. Mtambo tu ndio uliendelea, tap, tap, tap, ukitoa marehemu wengine, mpaka Shimba alipokumbuka akabonyeza kitufe cha kuuzima.

"Yeremia," alisema Mama Koku. "Nipeni simu. Nimpigie Yeremia."

Mwenye duka wa Nansio alipokea. Alisikia sauti ya Mama Koku, hakuuliza mengi, akatoka na simu mkononi. Ukumbi mzima ulisikia ndala zake zikipiga chini, jogoo akiwika, kisha mtu akikohoa.

"Haloo? Celestina? Yeremia ananiambia unalia. Nani kafa?"

Mama Koku alijibu kwa kulia tu, upya kabisa, na safari hii kilio chake kilikuwa na kicheko ndani yake. Kokulinda hakuthubutu hata kumgusa.

Msimamizi, Bwana Florian, alitoka ofisini akayaona marundo. "Kazi imeharibika," alisema. "Bamba lazima litengenezwe upya. Nawapa mpaka Jumatatu mlete ukurasa wa kweli. Zaidi ya hapo wageni wenu watapokea kitabu kisicho na ukurasa wa saba."

Mwalimu Revocatus alikuwa amekaa juu ya rundo la maboksi, miwani mkononi. "Niliwasimamisha watoto wote," alisema bila kumtazama Kokulinda. "Nililia kweli, Kokulinda. Nilimlilia babu yako." Laiti angemfokea, ingekuwa afadhali.

Siku mbili zilizofuata, mama hakumpiga wala hakumtukana. Alisema naye maneno ya kazi tu: leta maji, funga mlango, kula. Na Evelina, alipomwona shuleni, alihamia dawati lingine. "Nilikupa nusu kubwa," alisema, akageuka.

Jumamosi walipanda meli ya Nansio, mama, mwalimu na Kokulinda. Safari nzima Kokulinda alikuwa akipanga maneno ya kusema, na kila alipoyapanga yalianguka. Walipofika, mzee alikuwa kibarazani akimenya mihogo.

"Shikamoo babu," alisema Kokulinda, akapiga magoti, maneno yote aliyoyapanga yakampotea. "Babu, nilisema umekufa. Nisamehe."

"Marahaba." Mzee aliendelea kumenya. "Nimesikia habari zangu. Hebu niambie kwanza, mazishi yangu yalikuwaje? Watu walikuwa wengi? Walichinja ng'ombe, au ilikuwa maharage tu?"

Mwalimu Revocatus alishindwa kujizuia, akacheka. Hata mama aligeuza uso. Kokulinda hakuweza kucheka. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye sakafu ya udongo.

"Wanasema mtu akizushiwa kifo anaishi miaka mingi," alisema mzee. "Basi nitawachosha sana." Kisha alikiweka kisu chini, na utani ukamtoka usoni. "Kufa kwa maneno hakuniumi, mjukuu wangu. Kilichoniuma ni kungoja. Nilikaa hapa nikajiona mzee asiye na habari ya maana. Nikajiuliza, labda maisha yangu hayana kitu cha kumpa mtoto wa mjini."

"Si hivyo, babu!"

"Mimi ningejuaje?"

Kokulinda alifungua daftari. "Naomba uniambie sasa. Ulipigana Msumbiji?"

"Kupigana? Na bunduki?" Mzee alishika kifua. "Mtoto wewe! Mimi fataki za mwaka mpya zikilia najificha chini ya kitanda. Muulize mama yako."

"Ni kweli," alisema Mama Koku, na hilo ndilo neno lake la kwanza lisilo la kazi tangu siku ile.

Mzee akasimulia. Alikuwa kijana, mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Ulikuja mwito wa kuwachangia wapigania uhuru wa Msumbiji. Kuna waliotoa unga wa muhogo, kuna waliotoa kuku, kuna waliotoa mablanketi. Yeye alikuwa na mashati mawili. Moja kuukuu, lenye kiraka mgongoni; la pili jipya, jeupe, alilolinunua kwa ajili ya harusi yake.

"Nilikwenda na lile kuukuu," alisema. "Nikafika kwenye foleni, nikatazama kiraka. Nikasema, Antoni, hivi mtu anayelala porini kwa ajili ya nchi yake ndiye wa kumpa matambara? Nikarudi nyumbani nikabadilisha. Nilioa nikiwa na kiraka mgongoni. Bibi yako, Mungu amrehemu, alinicheka mpaka uzee wake, lakini alikuwa akiwaambia watu kwa fahari. Ni hayo tu. Sikuvuka mto wowote. Nilitoa shati."

Kokulinda aliandika neno kwa neno. Mwalimu Revocatus alimtazama mzee. "Mzee," alisema, "hili ni bora kuliko ile bunduki mara mia."

"Ni bora kwa sababu lilitokea," alijibu mzee. Akamgeukia mjukuu wake. "Nikwambie kitu, Koku. Miaka ile tulikuwa maskini, na leo bado hatujawa matajiri. Lakini tulipowaambia majirani zetu, tutasimama nanyi mpaka muwe huru, tulisimama. Ndiyo maana jina la nchi yetu lina heshima huko nje. Heshima ya nchi ni neno lake kuaminika. Na neno la nchi linatoka midomoni mwa nani? Mwa watu kama mimi na wewe. Ukiandika vita ambayo sikupigana, hunipi heshima, unaninyang'anya ile niliyo nayo."

Jumatatu bamba jipya lilitengenezwa. Kokulinda alisoma karatasi ya majaribio mara tatu kabla Shimba hajawasha mtambo. Zile zilizoharibika mama yake alizipitisha kwenye mashine ya kukatia, na Kokulinda alishindilia vipande ndani ya magunia mpaka mgongo ukamuuma. Kisha alisimama mbele ya darasa akaeleza kila kitu, tangu kuogelea mpaka bunduki. Wapo waliomcheka, wapo waliomzomea mapumziko yote. Evelina alichelewa sana kurudi dawatini, lakini alirudi.

Siku ya Muungano ilifika, na Mzee Antoni akaja kwa meli, mzima, akisalimiana na watoto waliowahi kusimama kimya kwa ajili yake. Wengine walimgusa mkono kwa woga kidogo. Wageni walipewa vitabu. Mwalimu mmoja mwanamke kutoka Msumbiji, aliyeitwa Odeta, alisimama muda mrefu kwenye ukurasa wa saba, kisha akauliza nani aliyeuandika. Wakamwonyesha.

"Wewe binti?" alisema kwa Kiswahili chake cha pole pole. "Umeandika vizuri mno. Una kipaji."

Sifa ile ilikuwa tamu, na wazazi walikuwa wakisikiliza. Kokulinda alihisi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kuipokea na kunyamaza.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Lakini nilichoandika mwanzo kilikuwa uongo. Niliandika babu alikuwa askari, na kwamba amekufa. Ukweli nimeuandika baada ya kumliza mama yangu."

Mwalimu Odeta alimtazama, kisha akamtazama mzee.

"Mimi hapa," alisema Mzee Antoni. "Sijafa, na sijawahi kushika bunduki."

Mgeni hakucheka. Alimwendea, akamwamkia shikamoo, akamshika mikono yote miwili. "Mama yangu alituambia kuna watu walituletea nguo kutoka huku," alisema. "Majina yao hakuyajua. Sijui nani alivaa shati lako, baba. Lakini namshukuru mtu wa kwanza ninayemjua kwa jina." Hakuiachia mikono ya mzee haraka.

Kokulinda alirudi nyuma, akaenda kusimama karibu na benchi alilokaa mama yake. Hakukaa. Tangu siku ile ya kiwandani hakuwahi kukaa kando ya mama yake bila kuambiwa.

"Nimekusikia," alisema Mama Koku, macho yake yakiwa bado kwa baba yake na yule mgeni. "Kazi yangu ni vitabu, Koku. Karatasi ikiharibika tunakata, tunachapa nyingine, na msomaji hajui. Mimi siwezi kuchapwa upya. Ile dakika niliyoamini baba yangu amezikwa bila mimi, nitakuwa nayo mpaka nife. Ndivyo uongo ulivyo, mwanangu. Unaomba msamaha, unasamehewa, lakini aliyeumia ameshaumia. Kwa hiyo usinikimbilie kusema yameisha."

"Niseme nini, mama?"

"Sema hayatarudi."

"Hayatarudi, mama."

Mama Koku alisogea kidogo kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. "Haya, kaa."